Dopla ya mkononi: inunuliwe kwa ajili ya zahanati, si kwa chumbani

Ukiniuliza ni kifaa gani kimebadilisha kazi ya usiku katika zahanati yetu hapa kisiwani Pate, Lamu, pwani ya Kenya, nitakwambia ni dopla ya mkononi, ile mashine ndogo ya kusikilizia moyo wa mtoto akiwa bado tumboni. Haikuletwa na mradi. Wavuvi na akina mama wa kijiji walichanga, kijana mmoja aliyekuwa akishuka Mombasa akakabidhiwa pesa, akainunua kwenye duka la vifaa vya hospitali kwa shilingi 7,500. Nimeitumia kaskazi na kusi, stima ikiwako na ikipotea, na sasa tabia zake nazijua. Naandika kwa wakunga wenzangu wa visiwani, kwa kamati za zahanati zinazofikiria kuchanga kama sisi, na kwa mabinti wanaoiona ikiuzwa kwenye simu wakatamani kuwa nayo chumbani. Hao wa mwisho nina neno nao, nitalifikia.

Kwanza tuelewane kazi yake. Watu wengi hudhani mtoto hukosa hewa baada ya kutoka, pale asipolia. Mara nyingi shida huwa imeanza kabla. Tumboni mtoto hapumui kwa mapafu yake. Oksijeni humfikia kwa damu ya mama, kupitia kondo na kitovu. Uchungu unapokaza, misuli ya mji wa mimba hubana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo, na unapoachia, damu hurudi. Mtoto mwenye nguvu huvumilia hayo usiku kucha. Lakini uchungu ukifululiza zaidi ya mara 5 ndani ya dakika 10, hapati nafasi ya kupumzika. Kitovu kikibanwa, kondo likianza kubanduka, mama akiwa na presha ya mimba, au uchungu ukivuta mno kwa sababu njia ni nyembamba, akiba yake huisha. Mdomo hana, ila moyo wake husema. Asiposikilizwa, anaweza kuzaliwa mfu, au akazaliwa hai na ubongo ulioumia, akaishi na kifafa au viungo vilivyokakamaa. Familia za namna hiyo tunazo kila kijiji, na nyingi huambiwa ni jini au ni jicho la mtu.

Moyo wa mtoto tumboni kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Ukishuka chini ya hapo au ukapanda juu na kukaa huko, kuna jambo. Na si kusikiliza wakati wowote unaopenda. Wakati wenye habari ni pale uchungu unapoachia: weka kifaa uchungu ukiwa bado haujaisha, kisha hesabu dakika nzima baada yake. Moyo unaoteremka na kuchelewa kurudi baada ya uchungu ndio wa kuogopa. Anayesikiliza katikati, mama akiwa ametulia anakunywa chai, ataandika 140 kila mara na kujipa moyo bure.

Kabla ya dopla tulikuwa na fetoskopu, ile pembe ya mbao au ya plastiki unayoibana kwa sikio juu ya tumbo. Inaitwa kwa jina la Mfaransa Adolphe Pinard, aliyeitengeneza mwaka 1895, na mpaka leo sijaitupa wala sitaitupa. Haitaki betri, haiogopi chumvi, ikianguka unaiokota. Kasoro yake ni kwamba inakutaka uiname, chumba kiwe kimya na mama atulie. Uchungu ukishika, mama hatulii, wala hastahili kuambiwa atulie. Akiwa amechuchumaa au ameshika dirisha amesimama, pembe haina kazi. Na usiku wa mvua, mabati yakipigwa, husikii kitu ila mabati.

Dopla inatatua hayo. Unapaka jeli, unaweka kichwa cha kifaa juu ya tumbo, na sauti inatoka spika. Mama akiwa amekaa, amelala ubavu, amepiga magoti kwenye mkeka, unamfuata alipo. Sauti ya moyo ukiipata sawasawa ni kama kwato za punda anayekimbia kwenye sakafu ya mawe, huwezi kuikosea. Ukisikia mvumo mrefu unaokwenda polepole, hiyo ni damu ya kondo au mshipa mkubwa wa mama, hujafika bado. Papasa tumbo kwanza ujue mgongo wa mtoto uko upande gani, kwa maana moyo husikika vizuri zaidi mgongoni. Na kadiri mtoto anavyoteremka, sauti nayo huteremka na kusogea katikati. Ikiwa saa mbili zilizopita uliipata upande wa kulia juu, usiende pale pale ukashtuka kwa kuikosa.

Lakini sifa kubwa ya kifaa hiki sijaiona ikitajwa kwenye karatasi yake ya maelezo, na ndiyo iliyonifanya niandike. Kwa pembe, anayesikia ni mkunga peke yake. Kwa dopla husikia chumba kizima.

Mjue hali ya huku. Kwetu hakuna upasuaji. Mama akihitaji kupasuliwa ni boti mpaka Lamu mjini, na njia fupi inapita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa mikokoni baina ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, boti inakwama kwenye tope. Ukizunguka nje unakutana na bahari kuu, na msimu wa kusi hakuna nahodha mwenye akili atakayempakia mama mwenye uchungu usiku kupita huko. Kwa hiyo rufaa yetu haiamuliwi na ugonjwa tu, huamuliwa na maji. Kusema "tungoje tuone" kwa saa mbili, huku kunaweza kumaanisha kungoja saa sita.

Usiku mmoja alikuwako kwetu binti wa mimba ya pili, njia imefunguka sentimita 6, kila kitu kinakwenda. Moyo wa mtoto ulikuwa 144, kisha 148. Halafu, baada ya uchungu mmoja mkali, ukashuka hadi 96 na kuchukua muda kurudi. Nikamlaza ubavu wa kushoto, nikangoja uchungu unaofuata, ukashuka tena. Nikaangalia kama kitovu kimetangulia, hakikutangulia. Maji ya uzazi yalikuwa yameanza kuwa ya kijani. Nikatoka nje kwa mavyaa yake, nikamwambia, "Mama, itabidi twende Lamu sasa hivi, maji bado yako."

Akanijibu kwa upole, "Sista, mwanangu, mimi nimezaa saba kisiwani hapa hapa. Uchungu ndio huo. Alfajiri atajifungua, inshallah."

Miaka ya nyuma ningebaki hapo mlangoni nikibishana, na neno langu lingekuwa moja dhidi ya watoto saba. Usiku ule nilimwambia, "Ingia ndani usikilize mwenyewe." Nikapandisha sauti. Uchungu ukaja, ukaachia, na yule mama akasikia moyo wa mjukuu wake unavyopungua mwendo, unapungua, unapungua, na sisi sote tumesimama tunaungojea urudi. Uliporudi hakuniuliza kitu. Alimgeukia mwanawe mlangoni akasema, "Muiteni nahodha."

Tukaita hospitali ya mjini kwa simu ili watungoje, tukapita Mkanda maji yakiwa yameanza kutoka, binti amelala ubavu wa kushoto juu ya godoro na mavyaa yake ameshika kichwa chake. Alipasuliwa usiku huo huo. Mtoto alitoka ameregea, akapulizwa hewa kwa mfuko wa Ambu, akalia. Leo anakimbiza kuku.

Kwa sababu hiyo peke yake kifaa hiki kinastahili kila shilingi. Kinaipa familia haki ya kujua kinachojulikana na mkunga, na uamuzi unakuwa wao pamoja nami.

Sauti hiyo hiyo ina ubaya wake, na lazima niuseme. Ukiikosa, chumba kizima kinasikia kwamba umeikosa. Mama anakuangalia usoni, wifi yake ameanza kusoma dua, na pengine ni kwamba betri imechoka tu au mtoto amegeuka. Tangu mwanzo mimi huanza na sauti ndogo, kichwa cha kifaa nimekwisha kukiweka mahali ninapotarajia, ndipo napandisha. Mkunga mgeni afundishwe hili kabla hajafundishwa kuwasha. Hofu anayotiwa mama katikati ya uchungu si kitu kidogo.

Sasa kasoro za kifaa chenyewe. Namba ya kwenye kioo usiiamini peke yake. Mama akijigeuza, namba inaruka. Mara nyingine huhesabu mapigo mara mbili, mara nyingine nusu, ukaona 70 pale penye 140. Hesabu kwa sikio na saa dakika nzima, namba iwe msaidizi. Tena shika mkono wa mama wakati huo huo, upime mapigo yake. Yakienda sawasawa na unachosikia, unamsikiliza mama, si mtoto. Hili ni la lazima, hasa mama akiwa na homa au amechoka, kwa maana moyo wake unaweza kufika 120 na kukudanganya kabisa.

Waya unaounganisha kichwa na mashine ndio utakaoharibika mwanzo, pale shingoni unapokunjwa. Wa kwetu ulianza kukatakata sauti, tukaufunga kwa kipande cha mpira na sasa tunauning'iniza, hatuuviringishi tena. Betri za bei rahisi huisha haraka na sauti huwa dhaifu kabla mashine haijakwambia. Tumehamia za kuchaji, tunazichaji kwa sola mchana, na jozi moja inakaa pembeni imejaa. Chumvi ya hewa yetu inakula vyuma vya ndani ya kijaluba cha betri, kwa hiyo usiku usipokuwa na mama, toa betri, weka mashine kwenye kopo lenye mfuniko. Jeli ikiisha, maji safi yanakusaidia kwa dharura ingawa yanakauka upesi. Usipake mafuta ya nazi kama nilivyoona mahali fulani. Futa kichwa cha kifaa baina ya mama na mama, wala usikitumbukize majini.

Kuna aina nyingine zisizotaka betri, unazungusha mpini zikajichaji. Kwa visiwa hizo ningezipendelea kama zingepatikana madukani kwetu. Huko Kampala walifanya utafiti wa dopla ya mpini, wakailinganisha na pembe ya Pinard kwa akina mama karibu 2,000, matokeo yakatolewa mwaka 2015. Dopla iligundua mioyo yenye matatizo mingi zaidi kuliko pembe. Lakini idadi ya watoto waliokufa au kuzaliwa wameumia haikutofautiana. Mkunga anayesoma haya asikate tamaa, bali aelewe maana yake: kusikia si kuokoa. Ukisikia saa nane usiku na hakuna boti, hakuna daktari wa kupasua, hakuna mtu anayejua kumpuliza mtoto, umejua mapema tu jambo ambalo huwezi kulizuia.

Kwa hiyo dopla naipa alama ikiwa na wenzake. Wa kwanza ni karatasi. Patografu, ile chati ya uchungu, ilitengenezwa na madaktari Philpott na Castle mwaka 1972 katika nchi iliyo leo Zimbabwe, kwa ajili ya vituo vya mbali kama vyetu, ili mkunga ajue mapema uchungu unaochelewa na kumpeleka mama. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa chati mpya inayohesabu uchungu kamili kuanzia njia inapofunguka sentimita 5. Iwe ya zamani au mpya, moyo wa mtoto uandikwe kila nusu saa, na mama akianza kusukuma, kila dakika 5. Dopla isiyo na kalamu pembeni yake ni redio.

Wa pili ni Ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa, wenye barakoa za watoto wachanga namba 0 na namba 1. Watoto wengi hulia wenyewe. Wengine huhitaji kukaushwa na kusuguliwa mgongo kwa kitambaa kikavu. Wachache, kama 5 kwa kila 100 na pengine pungufu, huhitaji kupulizwa, na hao wana dakika moja. Ndani ya dakika hiyo ya kwanza awe amekwisha kukaushwa, na kama hapumui, barakoa iwe usoni na kifua kinapanda, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika. Mtoto asining'inizwe kichwa chini, asipigwe makofi, asimwagiwe maji baridi. Nayasema kwa sababu bado yanafanywa, na kila sekunde inayopotea katika hayo ni ya mtoto. Wala usingoje kumpa alama za Apgar, zile za kupima hali ya mtoto akishazaliwa, ndipo uanze.

Tena mazoezi. Ambu iliyofungiwa kabatini mwaka mzima, siku ya siku mikono inatetemeka. Tanzania walionyesha vizuri. Katika hospitali 30 waliunganisha vifaa vya kusikiliza moyo, mifuko ya kupulizia na mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yakaonyesha vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vimepungua kwa asilimia 18. Sisi tuna mwanasesere, na zamu inapobadilishana anayeingia humpuliza kwanza mbele ya anayetoka. Haichukui muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Na kwa akina mama wenyewe: dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu acheni nyumbani, au kama mmekwisha kunywa, tuambieni bila haya. Baadhi yake hukaza mji wa mimba usiachie, na nimekwisha kueleza mtoto anavyopata shida uchungu usipoachia. Hatutawakemea. Tutasikiliza moyo mara nyingi zaidi, basi.

Sasa lile neno langu kwa mabinti. Dopla hizi zinauzwa mtandaoni, za rangi ya waridi, na picha ya mama anacheka. Binti wa ndugu yangu alinunua moja kwa muuzaji wa kwenye simu, akiwa Malindi na mimba ya miezi minane. Siku moja akanipigia, "Shangazi, leo mtoto hachezi sana, lakini moyo nausikia, usiwe na wasiwasi." Nikamuuliza namba ngapi. Akasema 92. Nikamwambia, "Mwanangu, huo ni moyo wako. Vaa buibui uende hospitali sasa hivi, usinywe chai, usioge." Akaenda. Mtoto alikuwa hai lakini amedhoofika, wakamtoa kwa upasuaji siku hiyo, akakaa kitengo cha watoto wachanga kwa muda, akatoka salama. Fikirini kama asingenipigia. Angelala akiusikiliza moyo wake mwenyewe, ametulia.

Kwa mama aliye nyumbani kipimo ni uchezaji wa mtoto. Ukipungua, au ukibadilika na ule uliouzoea, hakuna mashine ya kukuambia ubaki nyumbani. Hata kama ungeupata moyo kweli, moyo unaopiga leo asubuhi haukuambii kama mtoto ana akiba ya kufika jioni. Hilo ni la kuangaliwa na mtu aliyesomea, kwa vipimo zaidi ya dopla. Wauzaji wanaoiita mashine ya kukuondolea wasiwasi wanafanya vibaya, na ninawaomba waache. Wasiwasi wa mama mara nyingi ndio unaomleta kwetu kwa wakati.

Kwa kamati ya zahanati inayotaka kununua, basi, nasema hivi. Kama pesa zinatosha kitu kimoja na Ambu hamna, nunueni Ambu kwanza, kwa maana pembe ya Pinard tayari mnayo. Kama Ambu ipo na inafanya kazi, changieni dopla. Dukani iwasheni muisikie, ombeni yenye spika, kwa kuwa za kusikilizia kwa vizibo vya masikio zitawanyima faida ile kubwa niliyoieleza. Tazameni kama kichwa chake kinaweza kubadilishwa peke yake kikiharibika. Ulizeni dhamana iandikwe kwenye risiti, maana duka tulilonunua sisi liliahidi kwa mdomo, na waya ulipokatika likasema halikumbuki. Chukueni chupa mbili za jeli na betri za kuchaji siku hiyo hiyo. Na kabla ya mashine kufika, kaeni na manahodha wenu, mkubaliane nani anaitwa usiku, mafuta yanatoka wapi, na jedwali la maji kupwa na kujaa libandikwe ukutani katika chumba cha kuzalia.